Ramani ya Mandhari Inaporudishwa: Los Angeles na Ugomvi wa Udongo

Mwendelezaji anayetaka kujenga nyumba 60 za kupangisha jijini Los Angeles hupeleka kwa jiji furushi zima la michoro. Msanifu majengo amechora kuta na vyumba, mhandisi wa miundo amechora nguzo na zege, mwingine amechora mabomba na mifereji, na nyuma yao wote amekuja msanifu mandhari, ambaye kwa kawaida hukabidhiwa vipande vya ardhi vilivyosalia na kuombwa avipendezeshe. Baada ya wiki kadhaa furushi linarudi na barua ya hoja. Mti huu umesogelea mno nguzo ya taa. Kitalu hiki hakina udongo wa kutosha. Hesabu ya maji imepita kiwango. Matawi haya yataziba njia ya gari la zimamoto. Msanifu anarekebisha, anarudisha, kisha anapokea hoja nyingine, safari hii kutoka idara ambayo awamu ya kwanza ilikuwa kimya.

Kwa mwenye mradi, mzunguko huo ni riba ya benki inayokua kila mwezi. Kwa mpangaji anayehangaika kutafuta pa kuishi katika jiji lenye uhaba mkubwa wa nyumba, ni mlango unaochelewa kufunguliwa. Wana haki ya kulalamika. Hata hivyo, ukizisoma hoja hizo moja baada ya nyingine unagundua kwamba karibu zote zinazungumzia jambo lilelile kwa sura tofauti: watu wengi walikuwa na haja na udongo uleule, na hakuna aliyewakutanisha mapema. Mkaguzi wa jiji ndiye mtu wa kwanza kuitandaza michoro yote mezani kwa pamoja, na kwa hiyo ndiye anayeonekana mkorofi.

Naamini marekebisho haya yatapungua siku udongo utakapochorwa kabla ya nguzo, na kwamba jiji lina uwezo wa kulisukuma jambo hilo kwa kubadili tu swali lake la kwanza. Leo linauliza miti mingapi. Lingeuliza kwanza miti hiyo itaota kwenye nini.

Nimechagua Los Angeles kwa sababu magumu yote ya suala hili yamekutana pale. Mvua ya mwaka mzima katikati ya jiji ni wastani wa inchi 14 hivi, yaani kama milimita 360, pungufu sana ya inayonyesha Dodoma, na karibu yote huja kati ya Novemba na Aprili. Milima iliyouzunguka mji huwaka moto. Nyumba hazitoshi. Kila shida kati ya hizo imezaa sheria yake, na kila sheria imekuja na mkaguzi wake.

Tuliangalie jengo letu la nyumba 60, tuseme 40 za chumba kimoja cha kulala na 20 za vyumba viwili. Kanuni za mipango ambazo Los Angeles imezitumia kwa miaka mingi hudai futi za mraba 100 za eneo la wazi kwa kila nyumba yenye chini ya vyumba vitatu vya kukaliwa, 125 kwa yenye vitatu, na 175 kwa inayozidi hapo. Ukihesabu sebule pamoja na vyumba vya kulala, jengo letu linadaiwa futi 4,000 kwa kundi la kwanza na 2,500 kwa la pili. Jumla 6,500, karibu mita za mraba 600. Angalau nusu yake iwe ya wapangaji wote kwa pamoja, na robo ya hiyo ya pamoja ipandwe mimea. Juu ya hayo, kila nyumba nne zinadai mti mmoja uliokuzwa katika sanduku la inchi 24 kabla ya kuhamishiwa ardhini. Nyumba 60 ni miti 15.

Kwenye karatasi, miti 15 ni maduara 15. Mkaguzi anayahesabu, anaweka alama ya vema, anaendelea. Lakini hebu fungua ukurasa unaoonyesha jengo limekatwa kwa ubavu, ule ambao watu wa mandhari huuangalia kwa wasiwasi. Chini ya ua wa kati ambako maduara manane kati ya hayo yamechorwa, hakuna ardhi. Kuna paa la maegesho ya magari, zege tupu, na juu yake mhandisi ameruhusu inchi 18 za udongo. Mti wa sanduku la inchi 24 unakuja na bonge la mizizi ambalo lenyewe tu lina upana wa sentimita 60 hivi. Hata mti mdogo huhitaji udongo wa kina cha futi 3 ili usimame na kunawiri, na ule wa kutia kivuli cha kweli huhitaji zaidi, tena udongo wenye upana wa kutosha mizizi kutambaa.

Kwa nini mhandisi asiongeze udongo tu? Kwa sababu mita moja ya ujazo ya udongo wa kawaida uliolowa maji hukaribia tani 2. Ukiongeza kina kwenye ua mzima, zege linataka kuwa nene, boriti zinataka kushuka, dari ya maegesho inakuwa fupi, na pengine ghorofa nzima ya chini lazima ichimbwe zaidi. Hoja ya mstari mmoja kutoka kwa mkaguzi, inayosema onyesha kina cha udongo, inamrudisha mhandisi wa miundo kwenye mahesabu aliyoyafunga miezi mingi nyuma. Wakati huo mkopo umeshapitishwa na bei ya mkandarasi imeshatolewa kwa kufuata mahesabu yale ya zamani.

Hapo ndipo mwenye mradi anapotafuta njia ya mkato. Miti ya kutandaza matawi inabadilishwa kuwa michikichi myembamba au miti midogo ya mapambo. Udongo unarundikwa kuzunguka shina moja moja kama kichuguu, huku pembeni ukibaki mwembamba. Udongo mwepesi wa kutengenezwa, uliochanganywa na mawe ya volkano, unaagizwa ili kupunguza uzito. Baadhi ya njia hizo, hasa hiyo ya mwisho, ni za kitaalamu na zinafaa. Nyingine ni za kutimiza idadi. Maduara yanabaki 15, barua ya idhini inatoka, na wapangaji wanahamia kwenye ua ambao saa nane mchana wa Agosti hauna kivuli cha kumtosha mzee mmoja na kiti chake.

Zege lile lilifikaje chini ya bustani? Sehemu kubwa ya jibu ni magari. Kwa miongo mingi miji ya California ililazimisha kila jengo la makazi liwe na idadi fulani ya maegesho, na kwenye kiwanja cha mjini njia ya kawaida ya kuyapata ilikuwa kuyatandaza chini ya kiwanja kizima, mpaka mpakani. Ukishafanya hivyo huna tena ardhi, una paa. Mwaka 2022 jimbo lilipitisha sheria ijulikanayo kama AB 2097, iliyoanza kutumika Januari 2023, inayozuia miji kulazimisha maegesho kwa majengo mengi yaliyo ndani ya nusu maili kutoka kituo kikubwa cha usafiri wa umma. Iliandikwa kwa ajili ya kupunguza gharama za nyumba. Naiona pia kuwa miongoni mwa sheria bora za miti ambazo California imewahi kupata, ingawa haikupitishwa kwa ajili ya miti. Mwendelezaji anayeamua kupunguza maegesho anaweza kuacha pembe moja ya kiwanja bila kuchimbwa, na katika pembe hiyo mti mmoja mkubwa utafanya kazi ambayo minane ya juu ya zege haitaiweza kamwe. Tatizo ni kwamba uamuzi huo hufanywa wiki za mwanzo kabisa, na msanifu mandhari kwa kawaida bado hajaajiriwa.

Maji ndiyo sehemu ya pili inayorudisha ramani nyingi, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa ndiyo sehemu ambayo California imeifanya vizuri kuliko wengi. Jimbo lina kanuni ya mfano ya matumizi bora ya maji katika mandhari. Katikati ya ukame wa 2012 hadi 2016, Gavana Jerry Brown alitoa amri Aprili 2015 iliyoagiza miji ipunguze matumizi ya maji kwa asilimia 25, na humo humo akaagiza kanuni hiyo ikazwe. Toleo jipya lilishusha kizingiti kutoka futi za mraba 2,500 hadi 500 kwa bustani mpya, na likashusha kigezo cha mahitaji ya maji kwa makazi kutoka 0.7 hadi 0.55.

Namba hiyo ndogo ina nguvu kubwa. Hesabu yake huanza na kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingekivuta kutoka kwenye ukoka uliomwagiliwa vizuri kwa mwaka mzima. Kwa Los Angeles, jedwali la kanuni linataja inchi 50.1. Zidisha kwa 0.62 ili kupata galoni kwa kila futi ya mraba, zidisha kwa 0.55, kisha zidisha kwa ukubwa wa bustani. Ikiwa jengo letu lina futi za mraba 3,000 za mimea ukijumlisha kando za kiwanja, bajeti yake ya maji kwa mwaka ni galoni 51,000 na ushei, karibu lita 194,000. Kwa kigezo cha zamani ingekuwa zaidi ya galoni 65,000.

Sasa linganisha na mimea. Ukoka wa kawaida wa nchi za baridi, ambao waendelezaji huupenda kwa sababu unapendeza kwenye picha za matangazo, una kigezo cha 0.8. Ukiunyweshea kwa vinyunyizi, ambavyo kanuni inavihesabu kuwa na ufanisi wa 0.75, unafikia 1.07, karibu mara mbili ya kinachoruhusiwa. Mimea ya asili inayovumilia kiangazi, tuseme ya 0.2, ikinyweshwa kwa matone yenye ufanisi wa 0.81, inagharimu takribani 0.25. Piga hesabu ya mchanganyiko na utaona kwamba ukoka hauwezi kuzidi asilimia 37 hivi ya bustani hata kama sehemu yote iliyobaki ni mimea migumu. Kanuni pia inataka mimea yenye kiu inayolingana ikae kwenye vali moja, udongo uchanganywe yadi za ujazo 4 za mboji kwa kila futi za mraba 1,000, na uso wake ufunikwe kwa matandazo ya inchi 3.

Marekebisho yanayotokana na kanuni hii hayanisumbui. Ni ya hesabu, yanajulikana mapema, na mkaguzi wa asubuhi na wa jioni watatoa jibu moja. Msanifu anayerudishiwa ramani kwa sababu bajeti ya maji imezidi amekosa kufanya kazi yake, au mwajiri wake amemlazimisha kuchora ukoka akitumaini hautaonekana. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba kanuni hii inaigusa mboji na matandazo, yaani inaujali udongo wenyewe. Ila inaishia inchi 6 za juu, kina ambacho mboji huchanganywa. Chini ya hapo haina la kusema.

Maji ya mvua ni habari nyingine. Tangu Mei 2012 jiji limekuwa na sheria inayotaka majengo mapya yazuie maji ya mvua yasikimbilie mitaroni na baharini. Angalau robo tatu ya inchi ya mvua inayoangukia kiwanja lazima izamishwe ardhini, ikusanywe itumike, au ichujwe kwenye vitalu vyenye mchanga na mimea. Njia inayopewa kipaumbele ni kuzamisha ardhini, ila jengo lililotandaza maegesho hadi mpakani halina ardhi ya kuzamishia. Linabaki na vitalu vya kuchuja. Basi kipande kilekile cha ua kinachorwa mara tatu: mhandisi wa maji amekichora kuwa kitalu cha kuchuja chenye mchanga unaopitisha maji haraka, msanifu majengo amekichora kuwa baraza la kukaa, na msanifu mandhari amechora hapo mti wa sanduku la inchi 24. Kila mchoro peke yake ni sahihi. Mkaguzi akiuweka mmoja juu ya mwingine anaandika hoja, na hoja hiyo inawagusa watu watatu wanaofanya kazi katika ofisi tatu tofauti. Kuirekebisha huchukua muda mrefu kuliko kuichora, maana sasa kila mmoja anamsubiri mwenzake asogee.

Moto nao una madai yake. Kanuni za jimbo zinataka njia ya gari la zimamoto iwe na upana wa futi 20 na uwazi wa kwenda juu wa futi 13 na inchi 6, kwa hiyo mti unaotandaza matawi chini hauruhusiwi pale hata kama shina liko nje ya njia. Katika maeneo yenye hatari kubwa ya moto wa nyikani mambo ni mazito zaidi. Mwaka 2020 jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha ukanda wa futi 5 kuzunguka jengo ambamo vitu vinavyoshika moto vitazuiwa, kwa sababu nyumba nyingi huungua kwa cheche zinazopeperushwa na upepo na kutua kwenye majani makavu chini ya dirisha. Baada ya moto wa Palisades wa Januari 2025 ulioteketeza maelfu ya majengo, hakuna anayeweza kulichukulia jambo hili kijuujuu. Lakini kumbuka yale matandazo ya inchi 3, ambayo kwa kawaida ni vipande vya mbao na magome. Mkaguzi wa maji anayataka. Mkaguzi wa moto hayataki karibu na ukuta. Msanifu anayejua kazi yake hutumia changarawe katika futi zile 5 na matandazo ya mbao mbele yake, na kanuni ya maji yenyewe inatahadharisha dhidi ya vitu vinavyowaka upesi mahali penye hatari. Asiyejua anagundua mgongano huo kwenye awamu ya pili, baada ya kumridhisha mkaguzi wa kwanza.

Miti iliyopo tayari kiwanjani inahitaji maneno machache tu, maana sheria yake iko wazi. Miti ya asili kama mwaloni, sikamori ya magharibi, jozi nyeusi ya Kusini mwa California na mbei wa California inalindwa ikifikia shina la kipenyo cha inchi 4, na mwaka 2021 jiji liliongeza vichaka viwili vya asili kwenye orodha. Kuung'oa mti kama huo hudai kibali cha bodi ya kazi za umma. Mwendelezaji anayempeleka mtaalamu wa miti kiwanjani kabla ya kununua huepuka balaa. Anayempeleka baada ya msanifu kuchora jengo hugundua kuwa mwaloni wa miaka mingi umesimama pale palipochorwa lango la magari.

Mtu anaweza kusema haya yote ni anasa, na kwamba jiji linalolaza watu barabarani halina haki ya kubishana juu ya kina cha udongo. Hoja hiyo naiheshimu. Jimbo la California nalo limeisikia. Sheria ya mwaka 1977 inalitaka jiji liseme ndani ya siku 30 kama maombi yamekamilika, na kila yakirudishwa baada ya marekebisho saa huanza kuhesabu upya. Sheria ya 2019, SB 330, imeweka kikomo cha vikao vitano vya kusikiliza mradi wa makazi unaotimiza masharti, na inazuia jiji kubadilisha masharti katikati ya safari. Desemba 2022, Meya Karen Bass wa Los Angeles, akiwa ofisini siku chache tu, alitoa agizo kwamba miradi ya nyumba za gharama nafuu pekee iidhinishwe ndani ya siku 60. Juu ya zote iko sheria ya uwajibikaji wa makazi ya tangu 1982, ambayo leo inalibana jiji lisikatae mradi wa makazi unaotimiza viwango vinavyopimika.

Neno hilo, vinavyopimika, ndilo linaloamua hatima ya mandhari. Mkaguzi wa zamani aliweza kuandika kwamba bustani haipendezi au haiendani na mtaa, na mwendelezaji akahangaika mwaka mzima kumfurahisha. Mlango huo wa uonevu umefungwa, na umefungwa kwa haki. Athari yake ni kwamba kisicho na namba hakina mtetezi. Miti ina namba. Asilimia ya eneo lililopandwa ina namba. Galoni za maji zina namba. Ujazo wa udongo ambao mzizi utaufikia kwa kawaida hauna, kwa hiyo ndio unaotolewa kafara kila nafasi inapobana. Hakuna aliyefanya hila. Kila mtu ametimiza alichoulizwa.

Kwamba udongo unaweza kupimwa, Berlin ilishaonyesha zamani. Mwaka 1994 jiji hilo liliingiza katika mipango yake ya mandhari yenye nguvu ya sheria kigezo kinachopima uhai wa kiwanja kwa sehemu zake. Uso uliozibwa kwa zege au lami unapata sifuri. Mimea iliyo juu ya jengo, yenye udongo wa chini ya sentimita 80, inapata 0.5. Udongo ukizidi sentimita 80, inapata 0.7. Mimea iliyounganika na ardhi yenyewe, ambayo mizizi yake inaweza kushuka bila kukuta zege, inapata 1 kamili. Nyumba mpya za makazi zinatakiwa kufikia wastani wa 0.6 kwa kiwanja kizima. Mbunifu yuko huru kuchagua njia, na uhuru huo ni halisi, lakini tangu siku ya kwanza anajua kwamba kila mita ya ardhi anayoiziba atailipa mahali pengine. Malmö nchini Sweden ilichukua wazo hilo kwa mtaa wake mpya wa bandarini mwaka 2001. Seattle ikalichukua mwishoni mwa 2006, na kiwango chake cha udongo ni kikali kuliko cha Berlin: kitalu chenye udongo pungufu ya inchi 24 kinahesabiwa 0.1, chenye inchi 24 au zaidi kinahesabiwa 0.6. Tofauti ya mara sita kwa inchi chache.

Alama kama hizo nazo zina udhaifu. Mbunifu mjanja ataziwinda alama kama mwanafunzi anayekariri majibu ya mtihani, na kuta za mimea ya kutambaa zitaongezeka kwenye michoro kuliko zitakavyoonekana mtaani. Pamoja na hayo, ramani inayorudishwa kwa kukosa alama inarudishwa kwa swali la maana. Mhandisi wa miundo anaona namba ya udongo mapema kwa sababu inaathiri zege lake, na msanifu majengo anaitwa mezani kabla hajazifunga kuta.

Los Angeles yenyewe imelipia gharama ya kutouliza swali hilo. Miaka mingi iliyopita mitaa mingi ilipandwa miti ya jamii ya mtini katika vishimo vidogo kandoni mwa barabara. Mizizi haikuwa na pa kwenda ila juu. Iliinua na kupasua njia za waenda kwa miguu hadi watu wanaotumia viti vya magurudumu wakashindwa kupita, wakaenda mahakamani. Suluhu iliyoidhinishwa mwaka 2016 inalibana jiji kutumia karibu dola bilioni 1.4 katika miaka 30 kutengeneza njia hizo. Mti haukuwa na kosa. Ulitimiza idadi siku ulipopandwa, na hakuna aliyeuliza mizizi itaishi wapi.

Msomaji wa Nairobi anajua gharama ya namna nyingine. Agosti 2018 matingatinga yalibomoa Ukay Centre pale Westlands na South End Mall kwenye barabara ya Lang'ata kwa madai ya kujengwa kwenye ardhi ya kingo za mito. Yalikuwa majengo makubwa, na swali lililotawala mijadala lilikuwa nani aliyeyapitisha. Mwaka 2024, mafuriko ya msimu wa masika yalipoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, serikali ilirudi kingoni mwa mito, safari hii ikiwaondoa wakazi wa Mathare na Mukuru. Mstari wa mto ungepaswa kuwa wa kwanza kuchorwa kwenye ramani ya kiwanja na wa kwanza kukaguliwa, kabla hata ya kuuliza jengo litakuwa na ghorofa ngapi. Pale unapokaguliwa mwisho, kalamu inayofanya marekebisho huwa tingatinga, na wanaoumia kwanza ni wale wasio na wakili. Sheria ya Kenya ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 imezipa kaunti mamlaka ya kutoa au kunyima kibali cha ujenzi, na kadiri nyumba za gharama nafuu zinavyoongezeka, ofisi hizo za kaunti ndizo zenye nafasi ya kuuliza swali la udongo na maji likiwa bado swali la penseli.

Linabaki jambo la baada ya idhini, ambalo linanitia hofu kuliko hoja zote za mezani. Ramani ikishapigwa muhuri, mkandarasi huanza kubana matumizi, na mandhari, kwa kuwa hufanywa mwisho, hukuta fungu limeshaliwa na nondo na lifti. Mti wa sanduku la inchi 24 unabadilishwa kuwa wa ndoo ndogo. Spishi iliyoidhinishwa haipatikani kwenye bustani za kuuza miche, inaletwa inayofanana nayo kwa jina tu. Udongo uliochimbwa kwenye msingi, uliojaa vipande vya saruji, unarudishwa kwenye vitalu badala ya ule ulioandikwa. California inadai cheti cha ukamilishaji na ukaguzi wa mfumo wa umwagiliaji kabla ya kufunga faili, na hilo limesaidia sana upande wa maji, kwa sababu mkaguzi anaweza kufungua vali na kuona. Lakini hakuna anayechimba shimo kwenye kitalu kupima kina cha udongo, ingawa kazi hiyo hudai sepeto na dakika chache.

Ningeanzia hapo kabla ya kuandika sheria nyingine yoyote. Sepeto siku ya ukaguzi wa mwisho, na jingine mwaka wa tatu, wakati mti uliopandwa kwenye udongo haba unapoanza kukauka ncha za matawi. Kufikia wakati huo mwendelezaji huyohuyo mara nyingi ana ramani nyingine kwenye meza ya jiji lilelile, na mkaguzi atakuwa na sababu ya kumwomba aende kwanza akaupande upya ule wa zamani.